Vyuo vya Wananchi: Asili Yake na Faida Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu ina mlango mmoja tu. Mtoto huingia darasa la kwanza, na akishindwa mtihani, mlango umekwisha fungwa, wala wazazi hawamtazamii tena jambo la elimu. Lakini tukizichungua habari za mataifa twaona kwamba walikuwako watu waliofungua mlango wa pili, na mlango huo umefika hata Tanzania. Yafaa tujue ulitoka wapi.

Asili yake ni nchi ya Denmark, kaskazini ya Ulaya. Zamani wakulima wa huko walikuwa watu wa kudharauliwa. Sheria ilimkataza kijana wa kiume kuhama shamba la bwana alikozaliwa, na sheria hiyo ilianza kuondolewa mwaka 1788 tu. Hata baada ya kupata uhuru huo, shule kubwa za mijini zilifundisha Kilatini, na mtoto wa mkulima hakuona nafasi yake humo.

Wakati huo alikuwako mchungaji mmoja, jina lake N. F. S. Grundtvig (1783–1872), mtunzi wa mashairi na nyimbo za kanisa. Yeye aliona ya kuwa wakulima wataitwa karibuni kutoa shauri katika mambo ya nchi, nao hawajatayarishwa. Na kweli, mwaka 1849 Denmark ilipata katiba, na wanaume wengi wenye nyumba zao wakapewa haki ya kupiga kura. Basi Grundtvig alitaka viwepo vyuo vya vijana waliokwisha kuwa watu wazima, wafundishwe kwa lugha ya mama zao, wajue historia ya nchi yao, waimbe, waulize na kujibiwa, wala pasiwe na mtihani.

Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, katika jimbo ambalo watu walishindana juu ya Kidenmark na Kijerumani. Mwaka 1851 Christen Kold, mwana wa fundi viatu, alifungua chuo kingine kijijini Ryslinge. Mtu huyu alichukia kukaririsha watoto maneno wasiyoyaelewa. Aliishi pamoja na wanafunzi wake, akala chakula chao, na gharama akaifanya ndogo ili hata watoto wa maskini wapate kuja. Vijana wa kiume walisoma majira ya baridi, wakati kazi za shamba ni chache. Na baadaye wasichana nao wakapata zamu yao majira ya joto.

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani, na Rødding ikaangukia mikononi mwa Prussia. Walimu hawakukata tamaa. Mwaka uliofuata walihamia Askov, ng'ambo ya mpaka mpya, wakaendelea. Kisha nafaka ya bei rahisi kutoka nchi za mbali ikaharibu soko la wakulima. Hapo wakageukia ng'ombe na siagi, na mwaka 1882 wakulima wa Hjedding wakaanzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, wakigawana faida kwa kadiri ya maziwa ya kila mmoja. Wataalamu wengi husema kwamba vyuo vile viliwasaidia watu kuaminiana hata wakaweza kufanya ushirika.

Uswidi ilifuata mfano huo tangu mwaka 1868. Na kutoka Uswidi jambo hili lilivuka bahari. Mwaka 1975 Serikali ya Tanzania, wakati wa Mwalimu Nyerere, ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Uswidi. Vijiji vilichagua watu wao wakajifunze kilimo, ufugaji, useremala, uashi, ushonaji na upishi, kisha warudi kuwafaa wenzao. Leo vyuo hivyo ni zaidi ya 50, navyo vimetapakaa kutoka Newala mpaka Sengerema.

Lakini hatuna budi kusema kweli: mti uliohamishwa hauoti sawasawa na kule ulikotoka. Kijana wa Denmark alirudi kwenye shamba la baba yake, kwa hiyo hakuhitaji cheti. Kijana wetu mara nyingi hutafuta kazi kwa watu wasiomjua, nao humwuliza cheti kwanza. Tena wako waliorudi kijijini na ufundi mikononi bila randa wala cherehani, na ujuzi wao ukafifia. Kwa sababu hii vyuo vimeongeza mafunzo ya ufundi yenye mitihani na vyeti.

Hata hivyo mlango wa pili haukufungwa. Wasichana walioacha shule kwa ajili ya uja uzito wamepokelewa katika vyuo hivyo, wengine pamoja na watoto wao wachanga, wakajifunza ufundi na masomo ya sekondari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 Serikali imewaruhusu kurudi katika shule za kawaida. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni hupata shida kukaa dawati moja na watoto, na kwake chuo cha wananchi ni msaada mkubwa.

Basi, ndugu wasomaji, tusimhesabu mtoto kuwa amepotea kwa sababu ya mtihani mmoja. Mzazi na aende chuoni, aulize ni ufundi gani unaofundishwa, karo ni kiasi gani, na cheti chake hutambuliwa na nani. Na kijana akirudi, kijiji kimtafutie vifaa na kumpa kazi, madawati ya shule yetu yatengenezwe naye. Wakulima wa Denmark hawakuinuliwa na walimu peke yao. Waliporudi nyumbani, walikuta jirani walio tayari kushirikiana nao.