Baraza Lisilo na Meno

Kwa nini ofisi zetu hupuuza hata pendekezo jepesi la mtumishi? Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma Tanzania. Mabaraza hayo yalishauri tu. Uamuzi ulibaki kwa wakubwa. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea ujeuri wa viongozi, migomo ilifuata, na madai hayakuwa mshahara pekee bali heshima pia. Nionavyo, pendekezo halikataliwi kwa ubovu wake, bali kwa kuwa kulipokea ni kukiri kwamba aliye chini anajua. Mpaka mkuu alazimike kisheria kulijibu kwa maandishi, sanduku la maoni litabaki pambo la ukutani.