Udongo wa Uwanja Uliovunjwa

Nyumba kuukuu ikivunjwa, watu huokota nini?

Huko Brooklyn, New York, palikuwa na uwanja wa besiboli ulioitwa Ebbets Field, uliofunguliwa mwaka 1913. Hapo, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alivunja ubaguzi uliowazuia watu weusi wasicheze katika ligi kuu. Baada ya msimu wa 1957 timu yake, Dodgers, ilihamia Los Angeles. Tarehe 23 Februari 1960 uwanja ukaanza kubomolewa ili zijengwe nyumba za kupanga.

Viti vilipigwa mnada. Jiwe la msingi likapelekwa makumbusho ya Cooperstown. Lakini Roy Campanella, mdakaji wa timu, alipewa chombo chenye udongo. Misimu kumi alikuwa akichuchumaa juu ya udongo ule. Mwaka 1958 ajali ya gari ikampooza. Siku hiyo alikuja katika kiti cha magurudumu.

Udongo ule ungeuzwa bei gani? Kwake yeye ulikuwa jasho lake. Basi sisi tunaoweka vitu vya kale tuweke na habari za waliovitumia. Kiti kisicho na habari zake ni ubao tu.