KIAZI KITAMU, AKIBA YETU YA KWANZA
Historia fupi ya zao la bustani zetu hapa Ufipa



Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi mtasoma habari za hisa, mikopo na sanduku letu la kufuli tatu. Hizo ni habari za hela. Sisi tulioombwa kuandika historia tumeonelea tuanze nyuma zaidi, kwa sababu akina mama wa Ufipa hawakuanza kuweka akiba siku ile tuliponunua daftari. Walikuwa wakiweka siku zote, ila akiba yao ilikaa bustanini, chini ya udongo. Tunasema kiazi kitamu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Sasa kiazi kinaoza, tena upesi. Ukikichimba leo ukakiacha tu pembeni ya nyumba, wiki chache baadaye pua itakuambia. Hapo ndipo ilipo historia yenyewe: mama zetu na bibi zetu walifanyaje hata kitu kinachooza kikawa akiba?

KIAZI KILIVYOTUFIKIA

Kiazi kitamu ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni bara la Amerika. Baada ya Wazungu kuanza kuvuka bahari kwenda huko mwaka 1492, mabaharia, hasa Wareno, walikieneza sehemu nyingi za dunia, na Afrika ikiwemo. Huku bara kilisafiri kwa mikono ya watu, kutoka bustani hadi bustani. Hakikuhitaji magunia ya mbegu. Fungu moja la marando likibebwa kichwani linatosha kuanzisha shamba.

Hapa kwetu kilikuta watu wanaoujua udongo. Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Chakula cha wazee kilikuwa ulezi. Wafipa walisifika kwa kuyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kumzidi mtu, na chuma hicho kikatoa majembe. Walisifika pia kwa kilimo cha intumba. Kwa vijana wasiokijua: mvua zinapoelekea kwisha, majani hukatuliwa pamoja na udongo wake na kufunikwa, yakawa matuta ya duara. Majani yanaoza humo ndani. Juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata matuta yanasambazwa na ulezi unapandwa. Mbolea imepatikana bila kwenda dukani.

Mtafiti Roy Willis, aliyefanya kazi Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika habari za intumba na za watemi wa Nkansi na Lyangalile. Vitabu vya historia hupenda watemi na chuma. Kiazi cha uani ni nadra kupewa ukurasa, na mwanamke aliyekipanda ni nadra zaidi. Basi leo tumempa huu wetu.

ZAO LA AMRI, HALAFU ZAO LA KUSAHAULIWA

Wakati wa Waingereza, kiazi na muhogo vilikuwa mazao ya amri. Serikali iliwataka watu wapande mazao ya kinga ya njaa, na mtu angeweza kuadhibiwa kwa kutopanda. Baada ya Uhuru kampeni hazikukoma. Mwaka 1972 lilitoka Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, na ukame wa 1974 ukaleta Kilimo cha Kufa na Kupona. Mwaka huo huo wa 1974 ndio Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa, na watu wengi wakahamia vijiji vya ujamaa.

Halafu yakaja mahindi. Serikali ilipoweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima katikati ya miaka ya 1970, mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, ingawa barabara yetu ilikuwa vumbi na matope. Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua, mbolea ikaja na ruzuku. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Ni sifa, hatuikatai. Lakini jamani, tuseme ukweli: fedha ya mahindi ilipokelewa na nani? Kadi ya ushirika ilikuwa na jina la baba. Shamba kubwa la mahindi likawa la baba, na kiazi kikabaki uani kwa mama.

Ilipofika miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, bei moja ikaondoka na ruzuku ya mbolea ikafutwa hatua kwa hatua. Mahindi yalirundikana nyumbani, hela hakuna. Wazee wetu wanasimulia kwamba miaka hiyo sare za shule na chumvi vilitoka kwenye kapu la viazi sokoni. Hakuna shirika lililokinunua kiazi, na hakuna lililoweza kumwangusha aliyekilima.

MAGHALA MATATU YA MAMA

Sasa turudi kwenye swali letu. Mama zetu walikuwa na maghala matatu.

Ghala la kwanza ni ardhi. Mahindi huvunwa yote kwa mara moja, lakini kiazi kinachokuliwa kidogo kidogo. Mama hupapasa tuta, anaona ufa, anachimba kikubwa, anafukia vidogo viendelee. Kwenye baridi yetu ya Ufipa kiazi hakina haraka. Bondeni Rukwa na kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwenye joto, miezi mitatu minne inatosha kwa mbegu za upesi. Huku juu tunahesabu mitano, sita, hata zaidi. Kuchelewa huko kunatufaa, maana mezani kinafika kwa zamu. Ila ghala hili lina wezi wawili, fuko na fukusi. Ardhi ikikauka ikapasuka, fukusi anapita kwenye nyufa na kutaga, na kiazi kinakuwa kichungu hata nguruwe anakataa. Ndiyo maana bibi zetu walizoea kupandishia udongo na kufukia nyufa. Haikuwa urembo wa bustani.

Ghala la pili ni jua. Hapa lazima tuwashukuru wenzetu Wasukuma, waliohamia mkoani kwetu na ng'ombe wao, wengi tangu miaka ya 1970. Wao wana michembe, yaani viazi vibichi vilivyokatwa na kukaushwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa. Vikikauka vizuri vinakaa miezi. Tulicheka mwanzoni, tukisema hivi ni vijiti. Sasa wanachama wetu kadhaa wanaviuza.

Ghala la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni marando. Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili hivi. Katikati ni kiangazi cha miezi kama sita. Kiazi hakipandwi kwa punje ukasema utaificha kwenye kibuyu. Mbegu yake ni rando bichi, na rando bichi linataka maji. Mwenye kipande cha ardhi bondeni, au anayemwagia maji ya kuoshea vyombo pale nyuma ya bafu, huyo Novemba ana mbegu. Asiye nacho anabisha hodi. Na mila ya mama zetu ilikuwa moja: marando hayauzwi. Unapewa, na mwakani yakikukaukia wewe, unajua mlango wa kubisha. Huo nao ulikuwa mkopo, mwenzangu. Haukuandikwa popote, na ulilipwa.

Mtindo wa vikundi kama chetu, wa kununua hisa na kukopeshana, ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaja kuenea Tanzania kuanzia miaka ya 2000. Tunaushukuru. Lakini tulipoelezwa kanuni zake mara ya kwanza, bibi mmoja miongoni mwetu aliuliza, "Kwani hii si ndiyo ya marando?" Tukacheka, ila alikuwa na haki.

MGOGORO WA MARANDO KATIKA CHAMA

Katika miaka hii kumi hakuna jambo lililotugombanisha kama marando. Mwaka mmoja mvua zilichelewa na bustani nyingi zikakauka. Mfanyabiashara mmoja akaleta marando kwenye pikapu. Tulinunua, tukapanda. Yalipoota, majani yalikuwa madogo, yamekunjamana, yana unjano, na mmea umedumaa. Vilipochimbwa, viazi vilikuwa kama vidole. Ni ugonjwa wa virusi, unaoenezwa na vidukari na inzi weupe, na zaidi ya wote na sisi binadamu tunapobeba marando yenye ugonjwa. Hauna dawa ya kunyunyiza. Kinga ni kupanda marando safi na kung'oa mmea wenye dalili.

Basi kikao kikakaa. Wengine wakasema tuanzishe kitalu cha chama, tuuze marando safi, hela iingie mfukoni. Wengine wakasema kuuza marando ni kuua mila, na maskini atapanda nini? Kikao kilikwenda hadi giza. Waliotaka kuuza walikuwa na hoja: kumwagilia kiangazi chote ni kazi, na kazi ya bure huachwa. Waliokataa nao walikuwa na hoja. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mume, ndugu wa mume walimtoa shambani. Aliondoka na watoto, sufuria na mzigo wa marando. Kwa mzigo ule alianza upya. Akasimama kikaoni akasema, "Mimi nilipewa ardhi ya kuazima na mbegu ya bure. Mkiuza, mwingine kama mimi ataanzia wapi?"

Tukaafikiana hivi, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Anayetaka marando ya bustani anachukua fungu moja na kurudisha fungu moja msimu unaofuata, bila riba, awe mwanachama asiwe. Anayetaka ya shamba la biashara analipa. Na lenye dalili ya ugonjwa halitoki kitaluni, hata likiombwa na mwenyekiti. Tunakumbushana pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mzigo wa marando usiwe urithi pekee wa mjane.

MKOA WA CHAKULA, WATOTO WALIODUMAA

Lipo jambo linalotuumiza kulisema katika kitabu cha sherehe. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba Rukwa watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa 2022 uliwakuta karibu 50. Yaani mkoa unaopeleka mahindi kwingine unalea watoto wafupi kuliko umri wao. Tumbo linajaa ugali, lakini mwili una njaa.

Kiazi peke yake hakitaondoa udumavu. Kuna maharage, maziwa, mayai, maji safi, na mama mjamzito kupumzishwa kazi. Lakini bustani ina sehemu yake. Matembele ni mboga bora iliyo mlangoni. Na viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A kwa wingi: gramu 125 tu, kiazi kidogo, zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Mwaka 2016 watafiti wa viazi hivi walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na mmoja wao ni jirani yetu, Robert Mwanga wa Uganda. Watoto huvipenda kwa utamu wake. Wazee wananung'unika kwamba baadhi ya aina zina majimaji, wao wanataka kiazi cha unga. Nasi tunawajibu: pandeni vyote, tuta hili cheupe, tuta lile cha chungwa.

YA KUKUMBUKA BUSTANINI

Kwa vijana wanaojiunga sasa, haya ndiyo tuliyorithi na kujifunza:

1. Kata marando kwenye ncha ya mmea wenye afya, urefu wa kama sentimita 30. Sehemu ya shinani huwa na mayai ya fukusi.
2. Yaweke kivulini siku moja au mbili, kisha panda, vifundo visivyopungua vitatu viwe ndani ya udongo. Acha sentimita 30 kati ya mmea na mmea.
3. Inua tuta vizuri, na ufukie majani mabichi mapema yaoze kabla ya kupanda, kama intumba. Samadi ikizidi utavuna majani.
4. Palilia mapema, mpaka marando yafunike tuta. Fukia nyufa.
5. Usipande karibu na shamba la mwaka jana, na usirudie tuta lile lile.
6. Kama huna bonde, chagua viazi vizima visivyo na tundu, uvipange ndani ya beseni lenye mchanga mkavu, mahali penye ubaridi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vipande karibu na nyumba na uvimwagilie. Vitatoa marando. Njia hii watafiti waliifanyia kazi pamoja na wakulima wa Uganda na wa kwetu Tanzania.

Ndugu zetu, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, ili mmoja asifungue peke yake. Marando nayo yanalindwa na wengi: yakikauka kwangu yapo kwako. Miaka kumi ijayo tunaomba kila mwanachama awe na hisa kwenye daftari na tuta lenye unyevu nyuma ya nyumba. Kitalu kitafunguliwa mvua za kwanza zikinyesha. Njooni na kamba zenu za kufungia.