Edmond Albius: Mtoto mtumwa aliyeupa ulimwengu vanila

Katika majiko mengi, kuanzia Muscat hadi Minneapolis, hakukosekani kichupa cha vanila kwa ajili ya keki na maandazi. Wako wanaojitengenezea wenyewe. Maganda machache hupasuliwa kwa urefu, yakatiwa chupani pamoja na kijiti cha mdalasini na karafuu mbili tatu, kisha yakafunikwa kwa kileo kikali. Wasiotumia kileo hutumia gliserini. Chupa huwekwa mahali penye giza kwa miezi miwili au zaidi, ikitikiswa mara kwa mara.

Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba kilimo cha zao hilo kilienea kutokana na ugunduzi wa mtoto mtumwa katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi.

Asili ya vanila ni Mexico na nchi jirani. Waazteki waliitia katika kinywaji chao cha kakao, na baada ya Wahispania kuiteka nchi hiyo mwaka 1521, harufu yake ikavuka bahari hadi Ulaya. Mmea nao ulisafirishwa, ukamea na kuchanua, lakini haukuzaa. Ndani ya ua la vanila kuna utando unaotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, na ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu.

Mwaka 1836, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kulichavusha kwa mkono. Mbinu yake, lakini, haikuwafaa wakulima.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1841 katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Edmond, kijana wa miaka 12, yatima na mtumwa wa Ferréol Bellier-Beaumont, alitumia kijiti chembamba kuuinua ule utando, kisha kwa kidole gumba akazikutanisha sehemu hizo mbili. Bwana wake alipoona mzabibu wa vanila uliokuwa tasa miaka mingi umebeba maganda, hakuamini. Edmond akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake.

Mtaalamu Mfaransa, Jean Michel Claude Richard, baadaye alidai kuwa yeye ndiye aliyemfundisha. Bellier-Beaumont aliyapinga madai hayo kwa maandishi.

Utumwa ulipokomeshwa kisiwani humo mwaka 1848, Edmond alipewa jina la ukoo, Albius. Hakupewa ardhi wala fungu la mapato. Alihukumiwa kifungo kwa kosa la wizi, akaachiliwa kabla ya muda kwa kutambua mchango wake, na mwaka 1880 akafariki dunia akiwa fukara.

Mbinu yake ndiyo iliyoifikisha vanila Madagascar na Komoro, na ndiyo itumikayo Uganda na Kagera, Tanzania. Ingawa vanila ya viwandani ilibuniwa mwaka 1874, ile ya asili bado huchavushwa ua kwa ua, nayo maganda husubiriwa takriban miezi tisa.

Hadi leo vanila ya visiwa hivyo huuzwa kwa jina la Bourbon, ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Jina la Edmond halimo katika vichupa hivyo.