Kiwambo Upeo, Wala Si Upana Uliokithiri

Umaskini uliokithiri naujua. Ukatili uliokithiri nausikia redioni. Upana uliokithiri nilikuwa sijakutana nao, mpaka nilipoletewa rasimu ya orodha ya istilahi za kompyuta na mtu aliyetaka nimpangie alama za uakifishi tu, "kwa kuwa maneno yenyewe yameshapitishwa." Chini ya kitufe, juu ya kumbukumbu, kilikuwepo: kiwambo chenye upana uliokithiri, tafsiri ya ultrawide monitor ya Kiingereza. Nilipanga uakifishi. Mkato ukakaa pake, nukta pake. Kisha nikachukua karatasi nyingine.

Kitu chenyewe hakihitaji maelezo. Ni ile skrini ya mezani iliyo ndefu kama benchi la kanisani, imepinda kidogo kumwelekea anayeitazama. Mpwa wangu wa Bukoba mjini, mwenye chumba cha kuhariri video si mbali na Uwanja wa Kaitaba, ameiagiza ili mchana apangie picha za harusi na usiku akimbizie gemu la magari. Alikuwa na ya inchi 24, sasa anataka ya 34. "Mjomba, shikamoo," akaniambia kwenye simu, "hivi kwenye bango niiandikeje kwa Kiswahili?" Swali la dakika moja. Nimelibeba wiki tano.

Nusu ya kwanza ya istilahi ile naiunga mkono, ingawa nashuku waliipata kwa bahati. Kiwambo kina washindani watatu. Monita simtaki, maana kila aliyepita shule ya msingi anamjua: ni yule mtoto anayeandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Hata Kilatini kiko upande wangu, kwani mzizi wa neno hilo ni kitenzi cha kuonya. Kioo ni neno la fundi wa simu, na mdomoni mwake ni sahihi, kwa sababu anachobandua na kubandika ni kioo kweli. Lakini kioo cha Mswahili kwanza ni kile anachojitazamia, na mpwa wangu hutazama harusi za watu. Skrini haina kosa ila uvivu. Wafaransa wa kale waliitumia kwa ule ubao wa kukinga joto la moto sebuleni.

Kiwambo kimetokana na kuwamba, yaani kutandika ngozi juu ya mzinga wa ngoma na kuikaza mpaka ikiguswa iitike. Kitanda cha kamba nacho huwambwa. Kiwambaza, ule ukuta wa kutenga chumba na chumba, ni wa ukoo huohuo. Msomaji aone mzaha wa historia: skrini ilikuwa ya kukinga, kiwambaza cha kusitiri, na leo tunakaa mbele ya vizazi vyao tukidai tuonyeshwe dunia.

Sisi Wahaya hapa hatuhitaji kamusi. Nyumbani kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, ngozi hubambwa: okubamba ni kuitandaza chini na kuivuta pande zote kwa vigingi ili ikauke bila kujikunja. Waganda na Wanyankore wanasema vivyo hivyo. B ya Luhaya ikiwekwa kando ya Kiswahili huonekana imelainika kuwa w: abaana ni wana, babili ni wawili, okubamba ni kuwamba. B ya pili imeokoka kwa kuwa imejishikiza kwenye m. Kigingi chenyewe kamusi za zamani za Kiswahili hukiita mambo, na si haya mambo ambayo vijana husalimiana, la, ni mambo ya kuwambia. Najua msomaji wa Dar es Salaam akifika hapa atatabasamu na kusema, kwa jina letu la utani, "Nshomile wameanza." Aseme. Mwingine atanikumbusha kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ni kweli, nami navutia kuelekea Muleba. Waliotangulia walivutia kwao. Tofauti ni kwamba mimi natangaza.

Ugomvi wangu uko kwenye nusu ya pili. Mwulize muuza vitenge pale soko la Bukoba upana ni nini. Atakuambia ni ule upande mfupi uliokuja na jora kutoka kiwandani, ambao mteja hauongezi wala haupunguzi. Anachopimiwa ni urefu. Kihamba cha migomba ni hivyohivyo: upande mrefu ni urefu, mfupi ni upana, hata ukilikabili shamba kutoka upande gani. Kiingereza ndicho chenye mazoea ya kuita upana kila kinachokwenda kushoto na kulia mbele ya macho, na aliyetafsiri aliyabeba mazoea hayo yalivyo, mzigo na kamba yake. Skrini ya mpwa wangu inakaribia sentimita 80 kwa 33. Mpe muuza vitenge vipimo hivyo, atakuambia kitu hicho ni kirefu na chembamba. Kwa hiyo ule upana uliokithiri, kwa Kiswahili cha sokoni, ni wembamba.

Tena si ukubwa. Inchi za skrini hupimwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Isimamishe hii ya inchi 34 kando ya skrini ya kawaida ya inchi 27, utakuta kimo ni kilekile. Kilichozidi ni sentimita 20 za kwenda pembeni. Kilichobadilika ni uwiano. Runinga ya chogo ilikuwa 4 kwa 3, skrini tulizozoea sasa ni 16 kwa 9, na hizi huandikwa 21 kwa 9 dukani, ijapokuwa yenye nukta 3440 kwa 1440 kwa hesabu kamili ni 43 kwa 18. Wauzaji hawapendi 43.

(Na hilo chogo, nani alilipitisha? Hakuna kikao kilichokaa. Mtu aliona runinga ya zamani ilivyotokeza nyuma, akakumbuka kichwa cha jirani yake, na nchi nzima ikaelewa siku hiyohiyo.)

Kuhusu uliokithiri nitasema machache kwa sababu hasira si hoja. Asili yake ni wingi, kwa Kiarabu. Katika Kiswahili cha leo limeangukia upande wa maafa, na kitu cha shilingi nyingi namna hii hakiuziki kwa neno la maafa.

Nikitafuta neno la kushika nafasi yake, niliwaza kwanza lubugo. Hiyo ndiyo nguo ya kwetu iliyopanuka kwa haki: gome la mtoma hutandikwa juu ya gogo, likagongwa kwa nyundo yenye michirizi mpaka liwe limetanuka mara kadhaa ya lilivyobanduliwa mtini. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005, kwa jina la Uganda, na hilo nalo ni dukuduku la siku nyingine. Nililiacha kwa kuwa mtu wa Tanga angedhani namwuzia blanketi.

Nikafika kwenye upeo. Kupea ni kufikia kikomo cha kukua, kuiva kabisa. Hapo pana ile "kupita kiasi" ambayo Kiingereza hupachika mbele ya neno, bila kuita balaa. Na upeo wa macho ni ule mstari ambapo maji na mbingu hukutana. Simama ufukweni Bukoba asubuhi, tazama kushoto mpaka kulia kikiondolewa kisiwa cha Musira, umeiona skrini. Kuunganisha majina mawili bila kiungo si uzushi wangu. Tunao askari kanzu, tunaye bata bukini. Kiwambo upeo. Viwambo upeo. Hakuna "chenye", hakuna "uliokithiri", na kinaenea kwenye bango.

Mwenzangu mmoja, ambaye heshima yanizuia kumtaja, ameibuka na kiwambo mwambao, akidhani maneno hayo ni ndugu kwa kuwa yanafanana. Mwambao umetoka kwenye kuambaa, kupita kandokando. Kuambaa na kuwamba hawajawahi kukutana hata msibani.

Pendekezo langu nililipeleka kwa maandishi, nakala tatu, pale panapopelekwa mambo hayo. Nikajibiwa kwamba limepokelewa. Kwenye semina iliyofuata nilisikia kwamba upeo "una maana nyingi mno." Aliyesema hivyo alikuwa anakula, na sote twajua neno kula lina maana ngapi.

Kwa anayetaka kununua: pima meza kwanza. Nukta zinazidi zile za 2560 kwa 1440 kwa theluthi hivi, hivyo kadi ya picha itafanya kazi zaidi, na magemu mengine yataacha mistari myeusi pembeni. Lakini katika kuhariri, ule utepe wa video hulala wote bila kusogezwasogezwa, na hiyo peke yake yatosha.

Mzigo ulifika kwa meli kutoka Mwanza. Nilikwenda kuuona na bango nimeliandika mwenyewe, KIWAMBO UPEO, kwa wino mwekundu. Vijana wanaocheza pale walikuwa wameshaibatiza skrini. Wanaiita goli. "Leo nani yuko kwenye goli?" Nikawaeleza, kwa utulivu, kwamba goli ni mita 7.32 kwa 2.44, yaani 3 kwa 1 kamili, na hii haifiki 2.4 kwa 1, kwa hiyo hesabu inawakataa. Wakanisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao, wa darasa la sita hivi, akaniuliza, "Babu, hiyo 7.32 ni urefu wa goli au upana wa goli?"

Nilimwambia asogee, ananizibia kiwambo.