Sanduku la bi harusi: kanga ilivyoiunganisha miji ya pwani

Bi harusi anayepanga doti zake za kanga sandukuni pamoja na udi na marashi, anafanya manunuzi yaliyoziunganisha Unguja, Mombasa na miji ya Mrima kwa zaidi ya miaka 100.

Kabla ya kanga kulikuwa na merikani, kitambaa kilicholetwa na majahazi ya Wamarekani katika karne ya 19. Wanawake waliokuwa watumwa walivaa hiyo, au kaniki, nguo nyeusi isiyo na pambo. Kanga ikaja baadaye. Husimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za Kireno wakaziunga sita kupata nguo moja, na Mombasa mpaka leo wanaiita leso.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Hapo mambo yakakolea. Wengi walioachwa huru waliitupa kaniki wakajifunga kanga, wakajitanda na kujisitiri kama waungwana. Wapo wanaosema wanawake tunapenda nguo tu. Mwanamke aliyekatazwa sitara miaka yote, akipata visenti vyake akanunua doti, mimi siwezi kuiita anasa.

Wafanyabiashara nao walilazimika kumfuata. Kanga zilichapishwa mbali, Uholanzi, Uingereza na India, lakini rangi ziliamuliwa na wanunuzi wa huku, na mtindo ukipitwa, mzigo unadoda dukani. Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza 1887, na alama yake ya “Mali ya Abdulla” inajulikana pwani nzima. Majina ya kanga mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini.

Baada ya uhuru, kiwanda cha Urafiki kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, Dubai nayo ikaingia njiani, na leo wengi hupanda boti kwenda Kariakoo kutimiza sanduku.

Mitindo yote hiyo imepita, lakini kisutu kimebaki. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, bi harusi wa Mombasa na wa Unguja hukitambua bila kuambiwa.