Kijapani kwa Hati za Kirumi katika Usemi wa Wahusika: Kutoka Amakusa hadi Obasan

Mwandishi anapomtilia mhusika wake kinywani maneno ya Kijapani yaliyoandikwa kwa hati za Kirumi, wahakiki aghalabu huuliza iwapo maneno hayo ni sahihi. Swali hilo lina mahali pake, lakini halitoshi. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya mbinu hii inalazimisha swali jingine: neno lililoachwa bila kutafsiriwa linamhudumia nani? Je, ni msemaji, msikilizaji wake ndani ya hadithi, au msomaji aliye nje yake?

Mnamo 1592, matbaa ya Wajesuiti huko Amakusa, kusini-magharibi mwa Japani, ilianza kuchapa masimulizi ya ukoo wa Heike kwa Kijapani cha mazungumzo na kwa hati za Kirumi. Mwandalizi wake, Fukansai Habian, alikuwa Mjapani aliyelelewa katika Ubudha wa Zen kabla ya kujiunga na shirika hilo. Aliyageuza masimulizi ya kale kuwa mazungumzo ya watu wawili: mmoja anauliza, na mwingine, Kiichi, mwenye cheo cha waghani vipofu, anasimulia. Lengo lilikuwa kuwafunza mapadre wageni lugha na historia ya nchi. Hapa hati ni ya mgeni, ilhali usemi ni wa mwenyeji, nao ni kamili. Isitoshe, tahajia hiyo yenye msingi wa Kireno ilihifadhi matamshi ya zama zake: Heike liliandikwa Feiqe, na hito, yaani mtu, liliandikwa fito.

Tahajia inayojulikana zaidi leo ilikuja baadaye. James Curtis Hepburn, daktari na mmishonari Mmarekani, alichapisha kamusi yake mwaka 1867, na toleo la tatu la 1886 likaeneza utaratibu unaoitwa kwa jina lake. Konsonanti zake zilifuata mazoea ya Kiingereza. Kwa hiyo msomaji wa Kiingereza aliweza kulitamka neno la Kijapani hata kama hakulielewa. Urahisi huo ulikuwa na gharama yake, kwani neno lingeweza sasa kufurahisha sikio bila kubeba maana.

Gharama hiyo inaonekana katika Shōgun (1975), riwaya ya James Clavell. Visa vyake vinaanza mwaka 1600, na baharia Blackthorne amechorwa kwa mfano wa Mwingereza William Adams. Riwaya ina sifa yake: msomaji huingia Japani akiwa mjinga sawa na Blackthorne, na kila neno analojifunza baharia huyo humpunguzia msomaji ujinga wake. Ni kweli kwamba wahusika hutumia viambo vya adabu vya siku hizi, desu na masu, ilhali sarufi ya João Rodrigues, iliyochapwa Nagasaki kati ya 1604 na 1608, inaonyesha umbo la marasuru. Kosa hilo lasameheka, kwani mtunzi wa riwaya ya kihistoria hafungwi na sarufi ya karne anayoisimulia.

Lisilosameheka kwa urahisi ni jingine. Wajapani wanapozungumza wao kwa wao, usemi wao kwa sehemu kubwa umetiwa katika Kiingereza, lakini kiambo cha kukazia, ne, ambacho Clavell hukiendeleza neh, huachwa kikielea. Kwa nini hicho kinusurike na tafsiri? Anayeambiwa, ndani ya hadithi, anasikia Kijapani mwanzo hadi mwisho. Neh haimlengi yeye. Inamlenga msomaji, ili asisahau kwamba asemaye ni mgeni. Hapo neno limekuwa pambo.

Katika Obasan (1981), Joy Kogawa, Mkanada mwenye asili ya Kijapani, anafuata njia tofauti. Familia ya Naomi inakumbwa na uhamisho wa Wakanada wenye asili hiyo kutoka pwani ya magharibi mwaka 1942. Wazee wanamficha Naomi yaliyompata mama yake katika bomu la Nagasaki, na wanasema kodomo no tame, yaani kwa ajili ya watoto. Maana yaweza kutafsiriwa, lakini kimya kilichojengwa juu ya kauli hiyo hakitafsiriki. Kauli inabaki katika Kijapani kwa sababu ndiyo lugha ambamo mtoto alinyimwa habari.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulizingatia jambo hili. Katika The Snows of Kilimanjaro (1936), hadithi fupi ya Hemingway, mtumishi anamwitikia mwajiri wake kwa neno Bwana. Neno ni sahihi, tena limeendelezwa vyema. Hata hivyo, kati ya hazina yote ya lugha, lililopewa mtumishi ni lile linalomtambua mkubwa wake. Usahihi wa neno, basi, haumhakikishii mhusika utu. Utu huo hujitokeza pale neno linapokuwa na kazi baina ya wale wanaosemezana.